Kutumia fedha kwa tunu zako: maana yake nini, na hufanywaje

Ushauri huu umeenea siku hizi: "Tumia fedha kulingana na maadili yako." Anayeusikia huelewa mojawapo ya mambo mawili. Mmoja hudhani anahubiriwa: asilewe, asicheze kamari, atoe sadaka. Mwingine hudhani anaambiwa ajibane, anunue kidogo, aweke akiba. Wote wawili wameelewa jambo jingine, na kosa si lao. Tatizo limeanzia kwenye neno lenyewe.

Maadili, katika Kiswahili cha kila siku, ni mwenendo mwema: lipi linafaa na lipi halifai mbele ya jamii. Ukijaribu neno thamani, nalo linavuta upande wa bei. Neno linalokaa vizuri zaidi hapa ni tunu, kitu adimu ambacho mwenye nacho hukitunza, lile lile tunalolisikia katika "tunu za taifa". Kwa hiyo humu ndani tunu ni jambo unalolijali kiasi cha kuwa tayari kuacha mengine kwa ajili yake: kuwa karibu na wazazi, kulala bila hofu ya kesho, kuendelea kujifunza, kuwa huru kuacha kazi isiyokufaa. Yako hayafanani na ya jirani, na hakuna anayestahili kuyapigia kura.

Tunu si lengo. Lengo hufikiwa likaisha, tunu haina siku ya kumalizika. Kuhitimu kozi ni lengo. Kuendelea kujifunza ni tunu. Tunu si tamanio pia. Tamanio huwashwa na ulichokiona leo, na mara nyingi likiachwa wiki mbili huzimika lenyewe. Tofauti hii ina kazi, kwa sababu mtu akiulizwa anathamini nini hutaja malengo na matamanio yake, kisha hushangaa kwa nini bajeti aliyoijenga juu ya hayo haidumu.

Jambo la pili linalochanganya ni nidhamu. Mtu akiona fedha zake zimekwenda kusikoeleweka, hujilaumu kwamba hana msimamo. Mara nyingi hajitendei haki. Sehemu kubwa ya matumizi ya mwezi huu haikuamuliwa mwezi huu. Iliamuliwa miaka minne iliyopita uliposaini mkataba, au siku ulipobonyeza "kubali" ili upate mwezi mmoja wa bure, au na ndugu waliopanga kiasi cha mchango kabla hujafika kikaoni. Kulinganisha matumizi na tunu, basi, ni kazi ya kuamua upya, na kuamua mapema, kabla fedha hazijafika mkononi. Ukisubiri uamue ukiwa mbele ya kaunta, umechelewa.

Mafungu matatu ya fedha

Kabla ya kuhamisha chochote, gawa matumizi katika mafungu matatu. La kwanza ni lililofungwa: kodi ya nyumba, ada za shule, marejesho ya mkopo, bima. La pili ni la lazima lakini linacheza, kama chakula, nauli, umeme, maji na dawa. Huwezi kuliondoa, ila unaweza kulipunguza au kuliongeza kidogo. La tatu ni la hiari, yaani kila kilichobaki.

Kuna usemi unaodai kwamba ukionyesha matumizi yako, mtu atakuambia unachokijali. Kwa mwenye kipato kidogo usemi huo si kweli, tena unaumiza bure. Mwaka 1857 mwanatakwimu Mjerumani Ernst Engel alichambua matumizi ya kaya akaona kwamba kadiri kaya ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha zake inavyomezwa na chakula. Uchunguzi huo umerudiwa mara nyingi tangu wakati huo na umeendelea kusimama. Mtu ambaye 85 ya kila 100 anayopata inakwenda kwenye mafungu mawili ya kwanza hajachagua kuthamini nauli kuliko elimu. Tunu zake zisomwe kwenye zile 15 zilizobaki, si kwenye zile 85.

Fungu lililofungwa lisisahaulike, hata hivyo. Huguswa mara chache, lakini likiguswa huhamisha fedha nyingi. Kuhamia nyumba ya kodi nafuu, au iliyo karibu na kazi, kunaweza kuachia fedha nyingi kuliko kuacha vitu vidogo 20. Ndiyo sababu ni busara kuandika mahali pamoja tarehe ambayo kila mkataba wako unaisha, na kuweka ukumbusho siku 60 kabla. Hapo ndipo mlango wa uamuzi unapofunguka. Usipoamua, mkataba utajirudia wenyewe.

Kukusanya kumbukumbu

Chukua taarifa za miezi 3 kamili: za benki, za kadi, za fedha kwenye simu. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu mwezi wowote unaweza kuwa na msiba, sherehe au ugonjwa uliovuruga hesabu. Malipo yanayokuja mara moja kwa mwaka, kama bima au ada ya leseni, yagawe kwa 12 na uyaingize kila mwezi. Hayo ndiyo watu huyaita "dharura" ilhali tarehe yake ilijulikana tangu mwaka jana.

Fedha taslimu ndizo zinazosumbua. Hazina taarifa, na kumbukumbu ya kichwani haiaminiki. Beba daftari dogo siku 30, uandike kiasi papo hapo, si usiku ukifika nyumbani. Mwandishi wa habari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani mwaka 1904, nalo bado linatumika nchini mwake kwa jina la kakeibo. Kuandika kwa mkono kunachosha, na uchovu huo una faida: unakufanya uone kiasi kabla hakijapita.

Kuona kiasi si jambo dogo. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha jaribio ambalo watu walishindania tiketi za mchezo kwa kutaja bei. Walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa fedha nyingi zaidi kuliko walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi zilikuwa zile zile. Njia ya kulipa inapolainika, maumivu ya kutoa hupungua, na tunu yako haipati nafasi ya kusema neno.

Kusoma mstari kwa mstari

Programu nyingi za bajeti hupanga matumizi kwa aina: chakula, usafiri, burudani. Hilo husaidia kujua kiasi, lakini halisemi kitu kuhusu tunu. Chakula cha jioni na rafiki uliyekuwa hujamwona mwaka mzima, na chakula ulichoagiza kwa sababu umechoka na hutaki kupika, vyote vitaandikwa "chakula". Kwa hiyo kila mstari wa fungu la hiari uulize maswali mawili. Nani aliamua hili, na lini? Je, ningelilipa tena leo, nikijua ninayoyajua sasa? Jibu la ndiyo lipewe alama moja, la hapana alama nyingine, na la "sijui" alama ya tatu. Usijadiliane na mstari mmoja zaidi ya sekunde 10.

Tuchukue mfano wa kubuni, katika fedha ya nchi yoyote. Mtu anapata 1,000 kwa mwezi. Fungu lililofungwa ni 450 na la lazima ni 320, hivyo hiari ni 230. Anasema tunu zake ni wazazi wake, kujifunza, na utulivu wa kutoishi kwa wasiwasi. Wastani wa miezi 3 unaonyesha hiari imekwenda hivi: kula nje 62, nguo na vifaa 45, usajili wa huduma za kila mwezi 38, michango na zawadi 35, safari za kuwaona wazazi 16, ada za miamala 14, na 20 ambazo hakuna anayejua zilikokwenda. Wazazi anaowataja kwanza wamepata asilimia 7 ya fungu lake la hiari. Kujifunza hakuna kitu. Akiba ya dharura hakuna kitu.

Sasa tazama mstari wa usajili peke yake, zile 38. Ni huduma tano. Mbili zinatumika kila siku: ya video, 9, ambayo nyumba nzima huitazama, na ya kuhifadhi picha, 8. Ya tatu ni huduma nyingine ya video, 9, iliyoanza kwa mwezi wa bure na haikufungwa. Ya nne ni ukumbi wa mazoezi, 7, ambao hajaukanyaga kwa wiki 11. Ya tano ni programu ya simu, 5, ambayo hata jina lake limemtoka. Hizo tatu za mwisho ni 21 kila mwezi, yaani 252 kwa mwaka, robo nzima ya mshahara wa mwezi. Hakuna aliyekaa chini akaamua kuzitumia hivyo.

Kula nje nako kuna mambo mawili ndani yake. Kati ya 62, 26 zilikuwa za kukaa na ndugu na marafiki, na 36 zilikuwa za siku za kazi alizorudi amechoka. Zile 26 ziachwe. Watu wengi hukosea hapa: wanakata mstari mzima kwa sababu jina lake linafanana na anasa, wanapoteza kile kilichokuwa kinawapa raha ya kweli, na baada ya mwezi wanarudia kila kitu kwa hasira.

Kuzitaja tunu bila kujidanganya

Usianze na orodha ya maneno mazuri. Mbele ya orodha kila mtu huchagua familia, uaminifu na ukarimu, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana vinginevyo. Anza na ushahidi. Andika matumizi matatu ya mwaka uliopita ambayo hujayajutia hata kidogo. Kisha mambo matatu uliyoyakosa kwa kukosa fedha na bado yanakuuma. Kisha yale unayoyatoa bila kuombwa. Yanayojirudia katika makundi hayo ndiyo tunu zako za kweli. Tatu au nne zinatosha. Zikifika nane, hujachagua.

Ziandike kwa kitenzi. "Familia" haikuambii ufanye nini na fedha. "Kuwatembelea wazazi kabla hawajaniita" inakuambia. "Afya" ni pana mno, lakini "kulala mapema na kutembea kila siku" inaonyesha papo hapo kwamba tunu hiyo haihitaji fedha nyingi, na pengine haihitaji kabisa. Kisha ijaribu: itakukataza nini? Tunu isiyokukataza chochote ni pambo la ukutani.

Jiandae pia kuona zinagongana. Mwanasaikolojia Shalom Schwartz alieleza mwaka 1992 aina kumi za msingi za tunu za binadamu na kuzipanga kwenye duara: zinazokaa jirani husaidiana, zinazotazamana huvutana. Usalama huvutana na hamu ya mambo mapya. Kujali watu huvutana na kutafuta mafanikio binafsi. Hili linaeleza kwa nini mtu mwenye bajeti nzuri bado hujiona amekosea. Akiweka akiba anahisi anawanyima ndugu, akiwapa ndugu anahisi anajihatarisha. Hajakosea popote. Ana tunu mbili zinazovutana, na kinachohitajika ni kiwango cha kila moja kilichoamuliwa mapema, ili ombi linapokuja jioni kwa simu usilazimike kupima utu wako upya.

Kuhamisha fedha

Katika mfano wetu, kusitisha usajili wa zile huduma tatu kunaachia 21. Kula nje kwa uchovu kunashuka kutoka 36 hadi 18, hivyo 18 nyingine. Kutoa fedha mara moja kwa wiki badala ya kidogokidogo kila siku kunashusha ada za miamala kutoka 14 hadi 8, yaani 6. Zile 20 zisizojulikana zinagawanywa: 10 zinahamishwa, 10 zinabaki kuwa fedha za mfukoni zisizoulizwa swali. Jumla ni 55. Kati ya hizo, 25 zinaongezwa kwenye safari za wazazi, ambazo sasa zinafika 41, 15 zinakwenda kwenye kujifunza na 15 kwenye akiba ya dharura.

Hebu tuiangalie akiba hiyo kwa macho makavu. Kwa mwaka itafika 180. Mafungu mawili ya kwanza yanagharimu 770 kwa mwezi, karibu 26 kwa siku. Kwa hiyo mwaka mzima wa kuweka akiba umenunua siku 7 za kuishi bila kipato. Ni kidogo, na ni vizuri kulijua hilo mapema, kwa maana wengi hukata tamaa pale wanapogundua kwamba asilimia 1.5 haijengi ngome. Lakini siku 7 zinatosha kulipia dawa au fundi bila kukopa kwa riba, na hayo ndiyo matumizi yanayovunja mipango mingi.

Kiwango kinaweza kukua bila kuumiza, na njia yake imejaribiwa. Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 matokeo ya mpango ambao wafanyakazi walikubali mapema kwamba sehemu ya kila nyongeza ya mshahara itakayokuja iende kwenye akiba. Waliojiunga walipanda kutoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 katika miezi 40. Hawakuguswa fedha walizozizoea. Walichoamua ni fedha ambazo bado hawakuwa nazo, na huo ni uamuzi mwepesi kuliko wote. Hata kama mwajiri wako hana mpango kama huo, unaweza kujiwekea mwenyewe: andika leo kwamba nusu ya nyongeza ijayo, iwe kubwa au ndogo, itaongezwa kwenye tunu fulani, na uitaje tunu hiyo.

Uhamisho ufanyike siku ile ile fedha zinapoingia, kwa agizo la kudumu la benki au kwa kuzihamisha wewe mwenyewe kabla ya kulipa kingine chochote. Kila tunu iwe na akaunti au mfuko wake, na mfuko uwe na jina. Thaler alionyesha mwaka 1985 kwamba watu hutenga fedha kwenye "akaunti" za kichwani na kuzitumia tofauti kulingana na zilikotoka na zilivyopewa jina, ingawa kwa hesabu fedha ni fedha. Tabia hiyo hutuponza tunapoichukulia bonasi kama fedha ya bure. Lakini hutusaidia pia, maana mfuko ulioandikwa "safari ya kwa mama" ni mgumu kuuchokoa kuliko ulioandikwa "akiba 2".

Anza na kiasi kisichozidi asilimia 5 au 6 ya kipato. Anayehamisha asilimia 20 mwezi wa kwanza kwa kawaida hushindwa mwezi wa pili. Vitu alivyovikata kwa pupa hurudi, na akiba aliyoifunga huifungua kulipia mahitaji ya kawaida.

Dhana zinazopotosha

Dhana ya kwanza ni kwamba haya yote ni jina jipya la kubana matumizi. Rudi kwenye mfano. Katika zile 55, ni 15 tu zilizowekwa kando. 40 bado zinatumika, ila zinakwenda kwingine. Kwa mtu ambaye tunu yake ni ukarimu, na ambaye amekuwa akilimbikiza kwa hofu tu, kulinganisha kutamfanya atumie zaidi. Na hilo ni sawa.

Ya pili ni kwamba ukiijali tunu utailipia. Tunu nyingi hudai muda. Mzazi anaweza kununua vifaa vya kuchezea kila mwezi na mtoto asimwone. Swali sahihi hapo ni kama fedha zinaweza kukununulia muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Ashley Whillans na wenzake, uliohusisha zaidi ya watu 6,000 katika nchi kadhaa, uliona kwamba waliotumia fedha kujiondolea kazi wasizozipenda waliripoti kuridhika zaidi na maisha. Kwa hiyo kumlipa mtu akufulie nguo, ili Jumamosi yako iwe huru, kunaweza kuwa matumizi ya tunu kuliko zawadi yoyote. Lakini muda uliookolewa ukiishia kwenye simu, umelipia simu.

Ya tatu ni ile ya "nunua matukio, usinunue vitu". Ina msingi: Leaf Van Boven na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba watu, kwa wastani, walisema matukio yaliwapa furaha zaidi kuliko vitu. Lakini wastani si sheria ya kila mtu. Cherehani kwa anayependa kushona ni kitu, na ni tunu inayofanya kazi kila siku. Safari iliyofanywa ili picha zake zionekane ni tukio, na huenda haina tunu yoyote ndani yake.

Mahali mpango unapoharibikia

Kosa la kwanza, na kubwa kuliko yote, ni kununua vifaa vya tunu badala ya kuiishi. Aliyeandika "kujifunza" anafurahi, kesho yake ananunua kozi tatu na vitabu saba. Aliyeandika "kutembea kila siku" ananunua viatu na saa ya kuhesabu hatua. Malipo yanampa hisia kwamba kazi imeanza, na hisia hiyo inatosha kumfanya asianze. Ukisoma taarifa ya miezi 3 baadaye utaona mistari yenye alama ya "ndiyo" ambayo haijazaa kitu. Dawa yake ni masharti ya kutangulia: tenda mara 10 kwa ulichonacho au cha kuazima, ndipo ulipie. Kozi ya pili isinunuliwe kabla ya kumaliza ya kwanza. Usilegeze sharti hili kwa sababu bei imepunguzwa kwa siku mbili.

La pili ni kubandika tunu juu ya tamanio. Simu mpya inakuwa "kazi", gauni linakuwa "kujiheshimu". Ukiona unatafuta sababu baada ya kuchagua kitu, tayari unajua jibu. Uamuzi wa tunu huanza na tunu na kushuka kwenye kitu, na mara nyingi unapoanzia juu unakuta kitu cha bei ndogo kinatosha.

La tatu ni mnyororo. Mwandishi Mfaransa Denis Diderot alieleza katika karne ya 18 jinsi joho jipya alilopewa lilivyofanya vitu vyake vya zamani vionekane duni, akabadilisha kiti, meza na picha za ukutani. Mwaka 1988 mwanaanthropolojia Grant McCracken aliipa hali hiyo jina la athari ya Diderot. Kabla ya kununua kitu kikubwa, andika vitu vitatu ambavyo kitavidai baadaye, na uviingize kwenye bei. Samani moja ikidai zulia, pazia na rangi ya ukuta, bei yake si ile iliyo kwenye kibandiko.

Mwenye kipato kisicho na uhakika hupata shida nyingine: hesabu ya mwezi mzuri humponza mwezi mbaya. Asitumie wastani. Achukue mwezi mbaya zaidi kati ya 12 iliyopita na kuufanya msingi wa mafungu yote matatu. Kinachozidi kiingie kwenye mfuko wa kusawazisha, na mfuko huo ulishe miezi mibaya kwanza. Ukishafika kiasi cha miezi miwili ya mafungu mawili ya kwanza, ziada ndiyo ipewe tunu.

Na mwenye deni la riba kubwa? Deni la 600 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi hutoza 12 mwezi wa kwanza. Akilipa 12 tu, mwaka ujao deni litakuwa bado 600, na 144 zitakuwa zimekwenda. Akiongeza 25 kila mwezi, zikawa 37, deni litakwisha katika muda wa karibu miezi 20. Kwake, kulipa deni ni kurudisha haki ya kuamua, kwa hiyo liingizwe kwenye orodha kama tunu ya muda, hata ikibidi nyingine zipate kidogo sana kwa miezi hiyo. Kidogo, si sifuri. Anayezima kila kitu hadi deni liishe hukata tamaa katikati ya njia.

Wanaoishi pamoja na kuchangia mfuko mmoja waandike orodha zao kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana, kisha walinganishe. Zinazofanana zipate fedha kwanza, kwani hazina ugomvi. Zisizofanana zisipigiwe hoja za kushindana. Kila upande ueleze tunu yake inagharimu kiasi gani kwa mwezi na itafanya nini, halafu wapange kiwango. Kisha kila mmoja apewe kiasi chake ambacho hatahojiwa amekitumiaje. Kiasi hicho kiwe sawa kwa wote wawili hata kama vipato vinatofautiana, kwa sababu kisipokuwa sawa, anayepata kidogo ataanza kuomba ruhusa ya kuzilipia tunu zake mwenyewe.